Baridi Mbele ya Tanuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na unafuu, na miguu haijavimba tena. Huku mimi ni mzima, na safari hii nikisema mzima usigune, ni mzima kweli.

Najua dada ameshakupenyezea kwamba nilikuwa karibu kufukuzwa hapa bekari. Hakukosea. Mama we, nilikuwa nasimama mbele ya tanuri nimevaa sweta! Wenzangu jasho linawatiririka, mimi natetemeka. Nikikaa tu, usingizi. Chakula sikitaki, na bado nanenepa, wakaanza kunipongeza eti nina mimba. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Hamira kwa jinsi anavyoumuka kwa hasira, akasema nikiunguza mikate tena nikatafute kazi ya kulala.

Nikaenda hospitali. Daktari akanipapasa shingo, akaniambia nimeze mate, akanitoa damu. Akanieleza kwamba hapa shingoni kuna tezi, inaitwa thairoidi, na homoni zake ndizo zinazoupa mwili mzima joto na mwendo. Yangu imechoka. Ubongo unaipigia kelele ifanye kazi, yenyewe kimya, na homoni ya ubongo inayobeba kelele hizo ndiyo waliyoikuta imezidi kwenye damu. Homoni za tezi yenyewe zikipungua, alisema, moyo unakwenda polepole, choo kinagoma, akili inazubaa.

Akanipa vidonge. Nikavimeza wiki kadhaa, wapi! Nesi ndiye aliyenibana, navimeza vipi? Nikamwambia alfajiri, pamoja na mkate wa kwanza, maana kwetu mchomaji ndiye anayeuonja kabla mingine haijatoka, na mkavu haushuki bila chai ya maziwa. Nesi alicheka mpaka akashika meza. Kumbe dawa hii inataka tumbo tupu na maji matupu, chakula baadaye. Sasa kuonja nimemwachia mwenzangu. Nashukuru Mungu, joto limerudi, akili imerudi, na Bwana Hamira hanitishi tena kunifukuza. Radhi hajaniomba, ataanzia wapi?

Sasa mama, nina la kuungama. Kufukuzwa hakukunitisha sana. Niliogopa kwamba nimekuwa kama wewe. Wewe wa kujifunika blanketi jua la mchana, wa kusinzia na mwiko mkononi, uliyeachishwa kazi ya kufua kwa kuonekana mzito, uliyeitwa mvivu na baba mbele yetu, nasi tukacheka. Hayo yote nilimsimulia daktari nikidhani naeleza tabia yako. Akaweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huu mara nyingi hutembea kwenye familia, akauliza kama umewahi kupimwa.

Njoo, mama. Ni damu kidogo tu wanachukua, na kitanda nimeshakutandikia. Wakikukuta nao, basi hukuwa mvivu hata siku moja. Ulitulea sote watano ukiwa mgonjwa.

Wasalimie majirani na wote wanaoniulizia. Baba naye msalimie sana, na barua hii mpe aisome mwenyewe.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Kitinda mimba wako