Uhamisho wa Kwenda Kinole

Kinole,
Ijumaa, 16 Mei.

Kaka yangu Mikidadi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hafidha na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mimi huku mlimani sijambo kabisa. Nimenenepa hata suruali zinanikataa, maana huku hupiti mlango wa mtu bila kupewa ndizi. Usishangae kupata karatasi badala ya kupigiwa. Simu niliiacha Turiani makusudi, ili niliokuwa nao kule wasinipate, na sababu utaiona.

Kaka, ulikuwa ukinisifu mbele za watu kwamba nina kazi ya kudumu kwenye miwa, nami nikawa nanyamaza. Sikuwahi kukata muwa hata mmoja. Miaka mitatu nilikuwa mtu wa Rogers, na Rogers ana genge la kuiba mizigo kwenye magari na maghala. Mimi nilikuwa dereva wa fuso. Kule hakuna kuacha kazi. Aliyechoka ana njia moja tu, kuhamia genge la sehemu nyingine, wakubwa wawili wakikubaliana, ili siri zibaki kwa watu wa kazi ile ile.

Mwezi wa pili mwaka huu nikaomba kuhama. Nilikuwa nimesikia habari za genge la Bi Mwanahawa huku Uluguru, ambalo hata Rogers analiogopa. Ilisemwa karafuu haishuki mlimani bila ruhusa yake. Wakakutana Morogoro mjini, kwenye mgahawa karibu na soko, wakanijadili nimekaa pale pale kama mchezaji wa mpira anayeuzwa. Rogers akanisifia udereva. Bi Mwanahawa, mama wa miaka sitini hivi, aliuliza mambo mawili tu, kama mgongo wangu ni mzima na kama naogopa kupanda miti. Nikadhani ni mafumbo. Tulipoagana Rogers akaninong'oneza nimchunguzie wanakoficha mali, nimpelekee habari ndani ya mwezi mmoja.

Siku ya kwanza nikaamshwa alfajiri nikapewa panga na gunia. Nikasema moyoni leo ni leo. Tukapanda mlima watu saba, na panga lile likawa la kukatia mdalasini. Tulibandua maganda mpaka alasiri. Kesho yake vile vile. Siku ya nne nikamfuata Bi Mwanahawa nikamuuliza kwa adabu tutaiba lini. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba shamba ni la ukoo wa mama yake, na wizi waliuacha miaka sita iliyopita mwanawe alipofungwa. Jina la genge hawakulizika, kwa sababu likijulikana limekufa, akina Rogers watakuja kuvuna wasichopanda, na tena vijana waliochoka watakosa pa kuhamia. Wenzangu wote sita walihama kama mimi. Yupo Petro, aliyekuwa mvunja makufuli kule Dodoma, sasa ndiye fundi baiskeli wa kijiji kizima.

Mwezi ulipotimia niliteremka mjini nikamwambia Rogers kwamba watu wa huku ni wakali kuliko sifa zao, na mimi mwenyewe nachungwa hata nikienda chooni. Akanipa pole. Nikarudi na gari la ndizi nikicheka peke yangu.

Kicheko kikanikatika njiani, nilipokukumbuka wewe.

Kaka, ile sukari iliyoibwa kwenye ghala la Ngerengere, ukafukuzwa ulinzi kwa ajili yake, tuliiba sisi. Na mimi ndiye niliyemwambia Rogers saa unayokwenda kuswali Ijumaa. Ulinitajia mwenyewe tukiwa tunakula kwako. Siku ile sikuendesha gari, lakini hilo halinisafishi. Polisi walipomaliza kukuhoji nilikuletea mchele, nawe ukaniombea dua. Ile dua ndiyo iliyonifanya niombe kuhama.

Juzi Jumatano nilikwenda kwa Mzee Abdi, mwenye ghala, nikamweleza yote. Akasema wewe atakurudisha kazini na mimi atanipeleka polisi. Nikamwomba aniachie niende mwenyewe. Nitakwenda Jumatatu, na Rogers nitamtaja. Bi Mwanahawa atanisindikiza. Anasema Rogers akishikwa, na lile jina la genge lizikwe, maana amechoka kuogopwa, anataka kualikwa kwenye harusi za watu.

Sikuombi unisamehe haraka. Nakuomba tu Mzee Abdi akikuita, uende, usikatae kwa hasira uliyo nayo juu yangu.

Nisalimie shemeji na watoto, na jirani zako wote. Asia, binti wa Bi Mwanahawa, anakuletea barua hii pamoja na mdalasini kidogo. Nimeubandua kwa mikono yangu, nikapewa kwa haki. Mwambie shemeji autie kwenye chai bila wasiwasi.

Ni mimi mdogo wako,
Luqmani