Mtu wa Suruali Katika Picha

Bujumbura, Jumapili

Dada yangu mpenzi,

Kabla hujaendelea, funga mlango. Barua hii usimsomee mtu, hata mama, na ukiimaliza itie motoni. Mimi ni mzima. Natumaini kikohozi cha mama kimetulia huko Kigoma.

Bosi wetu amenunua picha kubwa ya soko la chagua, kama waitavyo mitumba huku, nguo na vichwa vya watu vilivyosongamana, akaitundika mbele ya meza yangu. Pembeni yuko mchuuzi aliyegeuza mgongo, suruali zimelundikana bega la kushoto, shingo imeinamia kulia. Dada, shingo ile unaijua. Ndiyo tuliyoing'ang'ania kaka akituvusha mto kwenda shule. Wageni wa ofisi wakisimama kuitazama, mimi huwauliza haraka wamefuata nini.

Nilimtafuta mchoraji, anakaa mtaa wa Mutanga Sud. Nikajifanya nasifu rangi. Akasema aliichora mwezi uliopita, soko la Gasenyi, na kwamba yule bwana alikubali kuchorwa mgongo tu.

Jana nikaenda. Kaka ndiye aliyeniona kwanza. Akaniita kwa sauti ya kuchekesha wateja, kama mtu yeyote wa ofisini: "Muzee wa biro, kuya nikupime!" Akanizungushia kiuno cha suruali shingoni, kama wanavyopima wote pale, na mikono yake ikachelewa kuondoka.

"Usiniangalie. Angalia suruali. Mama iko namna gani?"

Nikamwambia mama bado anamlilia, na kwamba mwisho wa mwezi mnaondoa matanga. Nikasema nitakuandikia muahirishe.

"Apana. Waache waondoe. Mutu mwenye walishalilia, hakuna mwenye kumutafuta."

Waliomchukua wanaamini alikufa, na wakijua yu hai watamrudia. Basi pika, pokea wageni, lia ukiweza. Mimi sijui kama ningeweza, nikimtazama mama usoni.

Lakini siku hiyo ndugu watataka kugawana nguo zake. Usikubali. Sema mdogo wake wa mjini ameziomba zote.

Msalimie mama, na shangazi aliyewapa chumba, na shemeji.

Usiniandikie ofisini, bahasha zinafunguliwa. Mzigo wa nguo hizo mpe yule mama wa mawese anayevuka ziwa kila wiki, aufikishe kwa fundi wa Buyenzi aliyenishonea suti ya kuhitimu. Nitaupitia kwake, nimpelekee kaka. Zifunge nguo kwa kamba kama balo la chagua, lile shati lake la buluu liwe katikati. Atakayeuliza njiani aambiwe ni mitumba, mwenyewe hajulikani.

Ni mimi, mdogo wako