Kompyuta Yetu Haiyaoni Mapafu

Shangazi wa gazetini, shikamoo, na unisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mpiga eksirei, mwaka wa tisa sasa, na kompyuta nimejifundisha mwenyewe, na wiki iliyopita taasisi moja ya utafiti ilitangaza nafasi ya mtu anayejua picha za mwili na kuandika programu pia, yaani kama nguo niliyopimwa kwa fundi, ila wanataka barua ya mkuu wangu wa kitengo, na hapo ndipo penye kisa. Mimi na mkuu tulitengeneza programu ya kutambua kifua kikuu kwenye eksirei, ikapatia karibu zote, akapongezwa, akashona suti, na mwezi ujao inapelekwa kwenye zahanati zisizo na daktari wa kusoma picha. Lakini juzi nilifuta pembe za picha nikaijaribu upya, ikawa inabahatisha tu! Kumbe wagonjwa wote wa wodi ya kifua walipigwa picha kwa mashine ya magurudumu, ambayo huacha kiherufi pembeni mwa picha, na wazima kwa mashine nyingine isiyoacha, na programu ilikuwa inatazama kiherufi kile, mapafu haina habari nayo, na aliyekusanya picha hizo, Shangazi, ni mimi kwa mikono yangu. Nilipomwambia mkuu, akafunga mlango. "Dada, ukinyamaza nakuandikia barua ya kukupeleka popote. Ukisema, na mimi nitasema nani alikusanya picha." Mama naye ananiambia, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite." Sitaki kufunika, nimekataa, lakini kazi hii naitaka mpaka naiota, na maombi yanafungwa Ijumaa. Nifanyeje?

Mpiga Eksirei Mwenye Hasira

Marahaba, mwanangu. Pole, halafu kaa vizuri nikuseme. Miaka tisa unawaamuru watu wavute pumzi na kuibana, leo umeibana wewe mpaka kichwa kinazunguka. Kosa ni lako, ndiyo, nusu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyo bwana anakutisha kwa siri ambayo ukiitoa mwenyewe anabaki mikono mitupu. Basi itoe.

Kesho asubuhi andika ukurasa mmoja: picha ulizikusanyaje, ulikosea wapi, programu ilijibu nini kabla na baada ya kufuta pembe. Mpelekee mganga mkuu wa hospitali mkononi, akusainie nakala. Kwa mkuu wa kitengo usirudi, umeshamsikia. Mama msalimie, mwambie kombe hili lina wagonjwa ndani. Barua kamwombe daktari anayesoma picha zako kila siku, na ukurasa huohuo uambatanishe na maombi, waeleze kwa nini mkuu hakukuandikia. Wakikukataa kwa kulikamata kosa lako mwenyewe, hao hawatafuti mtafiti, wanatafuta mpiga makofi.

Na usije ukaniandikia kwamba unaogopa. Ogopa huku unaandika. Nafasi ya kazi ukiikosa, mwakani watatangaza nyingine. Mapafu ya mtu hayatangazwi mara ya pili.