Dada Yangu Amenifungia Sebule ya Kompyuta

Mshauri mpendwa, safu yako naisoma kila inapotoka na sikuwahi kudhani kuwa siku moja nami nitakusumbua, tena kwa jambo la kompyuta, lakini nakuomba uniokoe kabla sijabonyeza kitufe ambacho dada yangu anasema nikikibonyeza nisimwite dada tena.

Mimi ni msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, naishi na dada yangu mkubwa, fundi cherehani, katika vyumba viwili ghorofani, mbali sana na kwetu, tulikotoka mbio tukiwa vijana na hatukurudi, na kwa kuwa uwezo wetu ni wa kompyuta moja tu, mkwe wake, mume wa binti yake, alituwekea mifumo miwili ya kuiendeshea ndani yake, ukiiwasha inakuuliza unataka upi: wa dada ni ule wa kununua, kwa sababu programu ya mashine yake ya kutarizi haijui mwingine, na wangu ni ule wa bure, kwa sababu ndimo nilimozoea kuandikia na sikubali kujifunza upya uzeeni kwa ajili ya maua ya vitambaa. Kila mfumo una kipande chake kidogo cha diski, na kipande kikubwa kilichobaki ni cha wote wawili, ndicho tunachokiita sebule, na humo imo michoro yake ya maua, kimo kitabu ninachoandika kuhusu mtaa wetu wa zamani, nyumba kwa nyumba, na, hili ndilo linaloninyima raha, zimo sauti za mama. Mama alibaki kule. Dada alikuwa akimrekodi kila alipompigia simu, na tangu mama afariki hatuna kingine cha kwake, hata picha.

Ugomvi ulianza na geti. Niliandika kwamba geti la kwetu lilikuwa la kijani, dada akaingia sebuleni, akasoma, akaandika katikati ya sura yangu kwa herufi kubwa kwamba lilikuwa la bluu na kwamba mimi nilikuwa mtoto sijui kitu, mimi niliyekula mshahara wa kusahihisha wengine maisha yangu yote, nikafuta, akarudisha, nikafuta tena, na baada ya hapo kila nikifungua sebule kutoka upande wangu naambiwa ni ya kusoma tu, siwezi kuhifadhi hata nukta. Nikimuuliza, anasema hajagusa kitu. Siamini, mshauri, maana kutoka upande wake yeye anaingia, anaandika, anatoka, na namjua ni mtu asiye na subira, kompyuta ikimuuliza swali anajibu ndiyo bila kusoma, na siku zilezile za geti alikuwa amechezea mipangilio, akaweka alama mahali ili mfumo wake uwe unawaka haraka, eti foleni alizopanga mipakani zinamtosha, hataki tena kusubirishwa na kitu chochote.

Basi nikaamua kuifomati sebule nzima, yaani kuifuta na kuipanga upya, kwa mtindo wa mfumo wangu ili humo niwe na amri, na kitabu changu nimeshakihamishia kwenye flashi, lakini sauti za mama ni nyingi na flashi imejaa, nikamwambia dada azitafutie pa kwenda. Hakusimamisha hata cherehani. Alisema, "Haya, futa, mdogo wangu. Halafu nikikuuliza mama yuko wapi, unijibu wewe."

Tangu hapo tunapishana jikoni kama wapangaji, chai ananiwekea mezani lakini hasemi kama ni yangu. Ukurasa wa kufomati uko wazi mbele yangu, unaniuliza kama nina uhakika, nami kazi yangu imenizoeza kuwa na uhakika. Je, nina haki ya kubonyeza?

Msahihishaji wa ghorofani

*

Msahihishaji, toa mkono kwenye kompyuta kwanza, ndipo usome.

Dada yako hajakufungia. Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita bila kuliona, na mtu wa kazi yako sikutegemea. Ni ile alama ya kuwaka haraka. Ukishaiweka, mfumo wa dada yako hata ukizimwa hauzimiki sawasawa. Unalala na viatu miguuni, sebule bado umeishika, ili ukiamshwa uondoke mara moja. Mfumo wako ukiwaka unakuta kipande kile kina mwenyewe, na usije ukamharibia kazi yake, unajizuia usiandike, unakuruhusu kusoma tu. Mashine hiyo ina adabu kuliko nyinyi wawili. Haya nayajua kwa sababu nimeolewa na mtu wa mfumo wa bure, na tulinuniana kwa jambo hilihili.

Na huyo unayemwita hana subira, umesema mwenyewe mlitoka kwenu mbio. Wewe unaandika kitabu, yeye anaweka alama ya kuwaka haraka. Ugonjwa wenu ni mmoja, mbio zile hazijawaisha.

Sasa sikia ambacho kingetokea. Ungeifomati sebule kwa mtindo wako, na mfumo wa dada yako usingeitambua kabisa. Mfumo huo ungemwambia kuna diski isiyosomeka, je, aifomati? Na anavyojibu maswali ya kompyuta umenieleza. Sauti za mama ungekuwa umezifuta wewe, kitabu chako, ukishakirudisha humo, angekifuta yeye, mkabaki na sebule safi isiyo na mtu.

Kuhusu geti, andika kwamba wewe unakumbuka kijani na dada yako anakumbuka bluu. Msomaji hatakufa.

Fanya hivi. Huo ukurasa wa kufomati ujibu hapana, uufunge. Nenda kwa dada yako, umwombe radhi kwa kumshuku, kisha umsihi aingie kwenye mfumo wake, penye mipangilio ya umeme, aiondoe ile alama. Akikataa, na ana sababu zake, basi akimaliza kazi asichague kuzima, achague kuwasha upya. Hapo mfumo wake hufunga kila kitu kabisa, na kompyuta ikiuliza unataka upi, hiyo ndiyo zamu yako, uchague wako. Sebule itaandikika, bila kufomati chochote. Ikija siku ya kulazimika, mtindo unaowafaa watu wa mifumo miwili ni exFAT, kwa kuwa husomeka na kuandikika pande zote. Siku hiyo si leo.

Kisha nendeni pamoja mkanunue diski ya nje, kubwa. Sauti ya mama yenu iko mahali pamoja tu duniani, na hiyo ndiyo hatari ambayo ningekuwa wewe ingenikosesha usingizi, si kijani na bluu. Zinakilini zote. Usiridhike kuona majina yamehamia. Jina huhamia zima na faili likawa limekatika. Fungueni moja baada ya nyingine kwenye diski mpya, msikilize mpaka mwisho, maana faili hukatikia mwishoni, pale mama anapoaga. Itawachukua siku. Vuta kiti ukae karibu na dada yako, na lolote mama atakalosema, usilisahihishe.