Mkasi wa Babu Selemani

Namuwongo, Kampala

Mama yangu,

Jambo sana. Goti linasemaje? Usinijibu "liko vizuri tu" kama kawaida yako. Kaka Byamungu, wewe unayemsomea barua hii, niandikie ukweli. Mimi ni mzima, cherehani inazunguka, na leo nina furaha hadi nimeshindwa kukata kitambaa cha mtu.

Unakumbuka nilipotoka Uvira uliniambia nimtafute baba yako, fundi Selemani, aliyekuja kushona Kampala ukiwa bado tumboni, asirudi? Nilikuitikia tu ili usilie. Ningemtafutaje marehemu ambaye hata wewe mwanawe hujawahi kuiona sura yake?

Basi nina mteja, Nakato, kazi yake ni kuingiza picha za zamani kwenye kompyuta katika nyumba moja ya kumbukumbu. Alipokuja kujaribu gauni akaniambia, "Nnyabo, kule kuko mapicha ya mafundi wa zamani wa Nakawa. Kuja uone wenzako."

Jumatatu nikaenda. Nikaona soko, reli, bwana harusi mwenye viatu vya kuazima. Kisha mafundi watano wamesimama na vifaa vyao, na chini, kwenye maelezo aliyochapa Nakato, imeandikwa: wa katikati, Selemani, Mkongo.

Moyo ukaruka, halafu ukanywea. Mkasi ulikuwa mkono wa kulia! Na Bibi alituapia kwamba mumewe alikuwa mashoto, hata kijiko hakukiweza kwa kulia, na kwamba mkono wangu huu nimeurithi kwake. Nikajiambia, akina Selemani ni wengi. Nikachukua mkoba wangu.

Lakini jicho la fundi haliachi vifungo. Mashati yote matano, upande wa kulia umelalia wa kushoto, kama blauzi.

"Nakato, wanaume hawa wamevaa nguo za kike?"

"Wanaume gani wanavaa blauzi?"

"Basi picha yako imegeuka."

Akatoa filamu yenyewe, akaiinua dirishani. "Banange! Mimi niliiweka mgongo juu!" Akaigeuza, akaiingiza upya, na mbele ya macho yangu, Mama, mkasi ukahamia kushoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nililia, nikacheka, nikamkumbatia Nakato mpaka akaomba hewa. Gauni lake nitalitia lesi mabegani, atake asitake.

Nisalimie wifi yangu, na Shangazi muuza samaki wa ndagala, umwambie nimeikumbuka harufu yake hata kama yeye hapendi kuambiwa hivyo.

Picha imo humu, kwenye karatasi ya buluu. Keti penye mwanga kwanza. Mwanya wa meno ni wako, paji la uso ni lako. Na ni kijana, Mama, mdogo hata kuliko mimi. Utatamani kumwita mwanangu. Mwite Baba, neno hilo hujapata kumwambia mtu.

Kaka, acha kusoma. Mpe picha.

Ni mimi mwanao,
Riziki, mashoto wa pili