Matanga ya Kapteni wa Parola Yameanuliwa

Mjomba Santing,

Mwaka ulitimia juzi tangu utuage pale kitandani kwako Sariaya, mkono wako umeshikwa na dada yako, na redio ya jirani ikipiga muziki kama vile hakuna lililotokea. Tulikaa kuandika haya tukiwa na leso tayari. Leso zimebaki kavu, kwa sababu habari tuliyo nayo ni ya furaha na haiwezi kungoja.

Wengine walikujua kwa jina moja tu, Kapteni Tanglaw wa chombo cha Parola, mtu wa televisheni aliyezunguka nyota kila Jumamosi jioni akiwa na suti nyekundu na sauti ya kutikisa madirisha. Sisi tulikujua kama mjomba aliyelala na soksi, aliyegawana samaki wake na paka wa mtaani, aliyeshindwa kumpita mtoto anayelia. Kimbunga kilipoezua nusu ya mji na watu wakajazana shuleni, ulikwenda kule na suti yako, ukapanda juu ya dawati, ukaamuru mabaharia wote wanywe uji. Watoto waliokuwa wamegoma kula tangu asubuhi wakanywa. Sauti ilikukauka juma zima, na ulikuwa na furaha kuliko siku uliyopewa tuzo.

Dada yako hakuipenda Parola. Epifania, ambaye Sariaya nzima humwita Ate Panyang, na ate ni dada mkubwa, hata padri humwita hivyo, ndiye aliyekulea wazazi wenu walipofariki, kisha akatulea sisi wanawe kwa mkono uleule mzito. Alikupeleka Manila ukasomee uhasibu. Ukarudi mwanaanga. Juma lile kifuniko cha sufuria yake ya wali kilipotea, na Jumamosi akakiona kwenye televisheni kimebandikwa ukutani, kinaitwa rada. Alizima televisheni, na tangu hapo hakutazama kipindi chako hata siku moja. Tunakumbuka ulivyojitetea mlangoni.

"Ate, kifuniko chako kimeiokoa dunia!"

"Na wali wangu nani atauokoa?"

Chini ya hasira ile kulikuwa na wivu, Mjomba, na leo tunausema wazi. Mama aliona watu wasiomjua wamemnyang'anya mdogo wake. Ulipofariki alituambia jikoni, huku amegeuzia uso ukuta, kwamba angalau sasa umerudi kuwa wake peke yake.

Basi fikiria hali yake siku ya pili ya kukesha nawe, jeneza liko sebuleni, anachungulia getini anaona kundi la watu wamevaa suti nyekundu kuanzia shingoni hadi miguuni. Nyekundu, kwenye maiti! Mbele yao alisimama Rodelio, yule muuza samaki, tumbo limeibana zipu.

"Mama, tumekuja kumsindikiza Kapteni."

"Kapteni gani? Hapa amelala Santing, mdogo wangu. Na nyinyi mnaleta nyekundu msibani, mnataka nani amfuate?"

"Ndiyo sare yake, Mama."

"Sare! Nendeni mkavae nguo za watu."

Wakaondoka vichwa chini. Tulidhani wamekwenda zao. Kumbe walizunguka nyuma ya duka la mikate, wakavua, wakageuza suti ndani nje, wakarudi na bitana nyeupe, mishono yote iko wazi na lebo zinawachoma kidevuni. Mama aliwakagua kuanzia kola hadi viatu.

"Sasa mmekuwa vichaa kamili," akasema. Lakini geti hakulifunga. Sala zote za siku tisa walikaa mwisho wa ua, juu ya ndoo na matofali, na waliitikia rozari kwa sauti kuliko binamu zako waliotoka Lucena na gari zuri.

Tungefurahi kusema mambo yaliishia hapo. Miezi kadhaa baadaye Mama alikwenda sokoni, akamkuta Rodelio anaparua samaki, na kwenye aproni yake, upande wa moyo, kuna kijitambaa cheusi kimebanwa kwa pini. Kile kile tulichovaa sisi wa nyumbani kwa ajili yako.

"Maskini, nani amefariki kwenu?" Mama akauliza, kwa huruma kabisa.

"Ni Kapteni, Mama."

"Huyo si ndugu yako!"

"Ndiyo, Mama. Lakini tumeshavaa. Tuko wengi, hata daktari wa meno pale karibu na kanisa anacho. Kuna mwenzetu anaendesha kreni Dubai, naye kakibana kwenye kofia ya kazi."

"Mmejiitia kifo! Anayevaa weusi bila maiti hutafutiwa maiti wake!"

Rodelio aliweka kisu chini. "Maiti tulikuwa naye, Mama."

Mama alirudi nyumbani bila samaki, akaanza kugonga sufuria. Alikasirika, na alikuwa na hofu ya kweli, maana kwake mila hizi si mchezo. Weusi ukishauvaa huwezi kujivua mwenyewe kama shati. Mwaka ukitimia, baada ya misa, mkubwa wa ukoo ndiye anayeutoa kwa mkono wake, vitambaa vikachomwa, ndipo matanga yanaanuliwa na mtu anaruhusiwa tena kuimba, kuvaa rangi na kucheza harusini. Usipotolewa, umebaki nao.

Kwa hiyo Rodelio na daktari wa meno, Marivel, walikuja nyumbani na mkebe wa biskuti za broas, wakaomba siku ikifika wavuliwe pamoja na sisi. Mama hakufungua mkebe.

"Nikiwavua, nimewaita ndugu."

"Usipotuvua, Mama, tutabaki hivi," Marivel akasema.

"Bakini. Mimi mwenyewe nabaki. Wakubwa wangu wote wako makaburini, nani wa kunivua mimi? Nitazikwa nacho."

Hapo ndipo tulipoogopa, Mjomba. Tulijua hasemi kwa hasira tu. Mjukuu wake Jovelyn anaolewa Desemba, na Mama alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mtu wa weusi hakanyagi harusini, wampelekee chakula nyumbani. Mwanamke aliyekuwa akiimba kuanzia anapowasha jiko hadi anapoanika nguo, mwaka mzima hakutoa hata mluzi. Tulimzika mjomba mmoja na tulikuwa tunakaribia kumpoteza mama angali anatembea.

Siku ikafika. Misa ikasomwa, pansit, zile tambi zetu, ikapikwa ya kuwatosha watu wa nyumbani, majani ya migomba yamekatwa, na Mama amekaa kwenye kiti karibu na mlango, tayari kutuvua sisi watoto. Mara tukasikia mtaa umenyamaza. Mbwa hata mmoja habweki. Tukatoka. Walikuwa wamejaa kutoka getini kwetu mpaka kona ya kanisa, wote kwa suti nyekundu, safari hii upande sahihi. Wazee, vijana, mwalimu mkuu, polisi wa barabarani, mama mwenye mapacha waliovishwa suti za vitambaa vya pazia. Na kila mmoja ana kijitambaa cheusi kifuani. Hakuna aliyesukuma geti. Walisimama tu.

"Waambie waende," Mama alituambia.

Hakuna aliyesogea kati yetu. Rodelio akapaza sauti kutoka nje.

"Mama, hatutaingia ukikataa. Tunaomba tuseme amri ya Kapteni mara moja, halafu tuondoke."

Akainua mkono, na mtaa mzima ukasema kwa pamoja: "Wadogo mbele, wakubwa nyuma, nihesabu vichwa, hakuna anayeachwa!"

Mama alisimama ghafla kiti kikaanguka. Yale ni maneno yake. Ndiyo aliyokuwa akikupigia kelele wewe na watoto wa jirani akiwavusha mto kwenda shule, na akatupigia sisi baadaye. Wewe uliyasema kila Jumamosi kabla Parola haijaruka, na nchi nzima iliyajua isipokuwa yeye, kwa sababu ya kifuniko cha sufuria. Sisi tulijua. Tuliogopa kumwambia, tukidhani atakudai na hayo.

"Nani kawafundisha hayo?" Mama aliuliza, keshafika getini.

"Kapteni," alijibu Marivel. "Kila tulipokutana naye tulimwuliza Tanglaw amemtoa wapi. Alisema, 'Huyo ni dada yangu, mimi nilimvalia suti tu.' Hakuwahi kukuambia?"

"Aniambie nimwue?"

Akacheka. Mjomba, Mama alicheka! Mkono mdomoni, machozi yanatiririka, mabega yanaruka. Alikuwa amekaa miaka yote akidhani wamemwibia mdogo wake, kumbe mdogo wake alikuwa akimgawa yeye kwa nchi nzima. Akafungua geti kwa mkono wake.

"Wadogo mbele," akasema. "Mnangoja nini?"

Aliwavua mmoja baada ya mwingine, akimwuliza kila mtu jina na kwao, akimkaripia huyu kwa masikio machafu na yule kwa kukonda. Yule wa Dubai alivuliwa kwa simu, mwenzake akishika kitambaa kwa niaba yake. Pansit haikutosha, majirani wakaleta yao, tukala kwa mdomo moja kwa moja kutoka kwenye jani kama inavyoliwa kwetu, na mafuta yakazichafua suti zote za angani. Vitambaa vikawa rundo ndani ya karai.

Mwishowe kikabaki kimoja, cha Mama. Alikaa akakifunika kwa kiganja, akasema haya, chomeni hivyo, vinatosha. Ndipo akatoka nyuma kabisa bibi mmoja mfupi, suti imekunjwa mara tatu miguuni, anatembelea fimbo.

"Wewe Panyang, umezaliwa lini?"

"Kwani unataka kuniposa?"

"Jibu."

"Mwaka vita vilipoisha."

"Mimi vita vilinikuta nateka maji. Naitwa Consolacion, nimetoka Tayabas. Kipindi kile nilikitazama na marehemu mume wangu, hatukukosa hata Jumamosi moja. Leo umenivua weusi, umeniita ndugu mbele ya watu wote. Au ulikuwa unatania?"

"Sitanii na mambo haya."

"Basi mimi ni mkubwa wako. Inama, mdogo wangu, mgongo wangu haufiki huko."

Mama yetu, aliyekuwa mkubwa wa kila mtu tangu akiwa msichana, ambaye hatujapata kumwona akiinamisha kichwa isipokuwa kwa Mungu, aliinama. Bibi Consolacion alihangaika na pini kwa vidole vyake vya baridi yabisi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ilipotoka, mtaa ulipiga kelele mpaka padri akatoka kanisani kuuliza kama kuna moto. Mama aliegemeza paji la uso kwenye bega lile jekundu, akalia kama anavyolia mtoto aliyefika kwao. Jioni tulimsikia anaimba anaosha masufuria. Nguo atakayovaa kwenye harusi ya Jovelyn ameshaichagua, na ni nyekundu.

Tulipoandika majina ya chini tulianza na lake, kama siku zote. Ametunyang'anya kalamu, akafuta, akasema tujifunze adabu, wakubwa hawatajwi katikati. Basi tumepanga upya, Mjomba.

Wanaokukumbuka ni Ate Consolacion Abrenica, mkubwa wa ukoo. Epifania, mdogo wake. Wapwa zako Teofilo, Rosenda na Imelyn. Mjukuu Jovelyn na mchumba wake. Pamoja na ndugu zetu wote wa Parola, wa hapa na wa mbali, ambao majina yao hayakuenea kwenye ukurasa huu.

Ulikuwa wa mmoja, ukawa wa wengi, na sasa wewe ni wetu sote. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.