Maneno ya Babu Kwenye Sanduku la Maktaba

Kisumu,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba,

Salamu nyingi. Je, goti limepunguza kuuma? Na ndengu zilipata mvua ya kuzikomaza? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka. Bado tunatengeneza paa la maktaba ya chuo, na kabla ya kupanda juu tulihamisha masanduku yote ya ghala, siku nne, vumbi hadi kwenye meno. Sikupiga simu kwa sababu ulisema mambo ya babu yasisemwe kwenye simu. Dada Mwende akusomee polepole, na Mama awe karibu.

Ulinituma nijue jambo moja. Asubuhi ile babu alipoondoka na kikundi cha maigizo, ukiwa mtoto, alisimama mlangoni akasema, "Usifunge mlango, bado nakuja." Nyanya alikufa akisema yalikuwa maneno ya mchezo, mtu anafanya mazoezi tu, na kwamba babu alihamia Mombasa kwa mwanamke. Wewe ulisema alikuwa anaongea na wewe. Na mpaka leo hujawahi kutia komeo, hata baada ya mwaka ule tulioibiwa mbuzi.

Nilianza vibaya. Saa ya chakula niliketi kwenye kompyuta ya katalogi nikaandika jina lake, Musyoka. Mkutubi, Madam Auma, akasoma jina kwenye kioo cha kompyuta, akasoma na lililoandikwa kwenye helmeti yangu.

"Kaka, unajitafuta?"

Nikamweleza ni babu, nilipewa jina lake, na ndiyo maana hata wewe huniita baba. Alikuwa mwigizaji.

"Basi hapo humpati," akasema. "Katalogi inamjua aliyeandika mchezo. Aliyeucheza haimjui."

Akaniuliza ninajua nini kingine. Nilijua ulichoniambia tu: kikundi kilikuwa cha walimu na makarani wa mji wa Wote, kule Makueni, na katika mchezo mtu aliyekufa anarudi kwake kuomba maji. Akanitolea kitabu kinene kisichoruhusiwa kutoka nje, kilichoorodhesha michezo iliyochezwa nchini, mahali kwa mahali. Unajua niliishia kidato cha pili. Nilisoma na kidole, saa za chakula tatu bila kula. Chini ya Makueni nikaupata: Maji ya Marehemu. Madam Auma akatia jina hilo kwenye katalogi, ikatoa namba ya sanduku.

Baba, nililijua sanduku hilo. Sanduku lilikuwa na alama ya rangi ya buluu niliyoiacha mimi kwa mkono wangu mchafu. Nilikuwa nimelibeba begani, nikalilaani kwa uzito.

Ndani mlikuwa na mchezo uliopigwa chapa, nakala ya yule anayewakumbusha waigizaji maneno. Ukurasa wa kwanza ni majina yao. Aliyeigiza mtu aliyekufa ni Musyoka wa Kanyangi. Hivyo ndivyo ninavyoitwa hapa kazini. Jina lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, likaandikwa la mtu mwingine, na kando yake: "Amefariki kwa homa, Tseikuru. Amezikwa huko."

Hakufika Mombasa. Alikuwa Kitui hii hii yetu, na sisi tulikuwa tunamtukana.

Ukurasa wa tisa yule mfu anafika mlangoni pake. Chapa inasema, "Fungeni mlango, mimi si wenu tena." Hayo yamekatwa kwa penseli. Juu yake pameandikwa kwa mkono: "Usifunge mlango, Mutinda, bado nakuja."

Mutinda, Baba. Jina lako. Nimeusoma mchezo wote mara mbili, hakuna Mutinda mwingine ndani. Mtoto wa mle anaitwa Kioko. Sijui kama alikuambia kwanza ndipo yakaandikwa, au yaliandikwa ndipo akayajaribu kwako. Karatasi haisemi, na sitakudanganya. Lakini kila alipoyasema mbele ya watu, alikuita wewe.

Tangu siku hiyo siko sawa. Wenzangu wakiita kutoka chini, "Musyoka wa Kanyangi, shusha kamba," nasita kuitika. Naona kama kuna mwingine anayetakiwa kuitika kwanza.

Nimetia fotokopi za kurasa zote mbili ndani ya bahasha. Desemba nitakuja, twende Tseikuru mimi na wewe tuwaulize wenye maduka wa zamani kama kuna anayelijua kaburi. Ile nafasi uliyoacha kando ya kaburi la Nyanya usiilime.

Nisalimie Mama, na Mwende aliyekusomea haya, macho yake yapumzike. Mjomba wa kule Tulia, anayeuza mbuzi, mwambie aache kusema babu alitoroka.

Na wewe, Baba, umengoja vya kutosha. Jua likizama leo, tia komeo. Mkono ukikataa, Mama akusaidie.

Ni mimi mwanao, unayeniita baba,
Musyoka